Mahindi Bado Yamo Jiweni

Queensburgh, Durban
14 Juni 2025

Mpwa wangu Sesilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Kaa chini. Na mama yako naye mwambie akae, aweke ufagio pembeni, maana barua hii si ya kusikilizwa na mtu anayefagia. Mimi dada yangu namjua.

Umeuliza kwa nini sipigi simu. Simu ya kwanza iliibiwa Pinetown nikipanda taxi. Ya pili iliibiwa Pinetown nikishuka. Ya tatu sinunui, nisije nikawazoesha. Isitoshe simu haina adabu. Mtu unaeleza jambo zito, mama yako anakata katikati: "Umekula?" Barua haikatwi. Dulla, yule kijana wa Tandika anayeleta nguo za Durban mpaka Songea kila mwezi, ndiye atakuwa posta yetu. Mpeni chai, lakini msimwamini akianza kusimulia. Anaongeza chumvi.

Sasa sikia kazi ya mjomba wako. Huku bondeni, kando ya mto, kuna kinu cha maji cha tangu enzi za mababu wa mababu. Si kinu cha dizeli kama cha pale Matogoro kinachokohoa. Hiki kinazungushwa na mto wenyewe: gurudumu refu kupita nyumba ya mwenyekiti wenu wa mtaa, na ndani mawe mawili, la chini limelala, la juu linazunguka. Kinasaga mpaka leo. Kila Jumamosi mabibi wa Kizulu wanashuka na mahindi yao. Mwenye kinu, Madam Huguette, mama mzee wa Kimoris, mtu wa visiwani, aliita mafundi kutoka nchi nne waje kuchonga mawe yake. Wote walishindwa. Mimi, niliyeishia darasa la sita (darasa la sita la zamani, msililinganishe na lenu), niliweka sikio jiweni nikasema, "Huyu anataka kupumua." Nikachonga mifereji yake siku tatu bila kulala. Unga uliotoka, watu walidhani ni poda ya mtoto. Nilijifunza kwenye kinu cha misheni kwetu, nikiwa na miaka kumi na tano, na ufundi haujanitoka.

Lakini kinu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni bustani, na wageni wengi huja kwa ajili yake. Si bustani ya maua ya mstari. Ni bustani ya viumbe. Hapo kuna bwawa lenye matete, na magogo yaliyoachwa yaoze makusudi ili wadudu wapate pa kuishi. Kuna vijiti vyenye matundu nilivyofunga mafungu mafungu, nyuki wa peke yao wanalala humo, kila mmoja na chumba chake kama hoteli. Majani hatukati mpaka yamwage mbegu. Watu wanatoka mjini na watoto wao kuja kuona magugu, Sesilia! Na nani anawatembeza? Mimi. "This way, mind your head," nawaambia, nao wananifuata kama kondoo. Nawaonyesha vinyonga wadogo wa kidole gumba, kenge, vyura wa aina kumi na saba, na mwisho kabisa, wakishalegea, nawaonyesha gogo anapolala chatu.

Chatu huyo ana urefu wa mlango. Mimi na yeye tunaheshimiana.

Mama yako huniambia nirudi, niache nchi ya watu. Mjibu hivi: sisi Wangoni tulitoka huku. Babu zetu waliondoka na ngao na ng'ombe, mimi nimerudi na kitambulisho cha mkimbizi wa nafsi, yaani sikimbii kitu. Mimi ni Gama, na huku nimekuta Gama tele kwenye mbao za maduka. Nani atanifukuza kwa babu yangu?

Njoo ututembelee, mpwa. Nitakutembeza bure na chatu atakusalimia.

Mjomba wako,
Anselmo Gama
Mkuu wa Maji na Mawe

*

Matogoro, Songea
20 Julai 2025

Mjomba Anselmo,

Shikamoo. Milele amina.

Barua nilimsomea mama Jumapili baada ya misa, barazani. Sikio lake la kulia halisikii tena vizuri, kwa hiyo nasoma kwa sauti, na majirani wote sasa wanajua kwamba unaishi na chatu. Mzee Dominiki wa hapo jirani ameuliza kama chatu huyo ana kitambulisho cha mkimbizi wa nafsi.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akauliza, "Hayo majani hawakati, ni kweli?" Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akasema: "Mwambie aibu yangu ameipeleka mpaka Durban. Mtoto wa Mama Gama anakaa kwenye uwanja usiofagiwa! Marehemu mama alikuwa anaamka kabla ya jogoo kufagia, mstari kwa mstari, na huyo mvivu anapokea wageni kwenye kichaka." Anasema nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ya mgonjwa au ya mchawi, uchague mwenyewe wewe ni yupi.

Mimi nawafundisha darasa la nne sayansi, nikawasimulia habari ya hoteli ya nyuki. Wametengeneza moja kwa mabua ya mahindi nyuma ya choo cha shule. Mwalimu mkuu hajaiona. Akiiona nitasema ni yako.

Mjomba, kuna jambo. Redioni tumesikia kwamba huko kwenu watu wanapita mlango kwa mlango wakiwaambia wageni waondoke. Mama hakusikia, nilikuwa nimepunguza sauti. Niambie ukweli. Huko Queensburgh wamefika?

Mama anasema umekula?

Mpwa wako,
Sesilia

*

Queensburgh
17 Agosti 2025

Mpwa wangu mwalimu,

Mwambie Mzee Dominiki kwamba chatu kashapata kitambulisho, anayengoja ni yeye.

Na mwambie Dada Scola kwamba kufagia nilikufahamu kabla yake. Mimi ndiye niliyekuwa nakata chelewa za ufagio, yeye akipokea sifa. Uwanja wa huku haufagiwi kwa sababu ukifagiwa unakufa. Siongezi hapo. Kuna mambo mtu hawezi kumweleza aliyeshika ufagio.

Umeuliza habari za redio. Redio zina maneno mengi. Walikuja watu wachache getini, Jumamosi mbili zilizopita, wamevaa fulana za rangi moja, na filimbi. Walikuwa wanauliza njia. Nikawaelekeza: juu kuna barabara, kwenye robot, zile taa za barabarani, kata kushoto, ndiyo Pinetown. Wakaenda. Basi. Eish, watu wa mjini hawajui njia siku hizi.

Habari kubwa ni chatu. Sesilia, amekua! Nilidhani ni macho yangu. Nikampima kwa kamba akiwa amelala: urefu wa basi. Si basi dogo, lile analopanda Dulla. Juzi amemeza mbwa wa jirani na kola yake, sasa akitembea unasikia kengele tumboni. Wageni wanakimbia, mimi nasema, "Don't run, he doesn't like running people." Anatulia nikimwimbia zile nyimbo za ngoma ya ligihu ya kwetu. Hata nyoka wa Natal anajua Mngoni ni nani.

Madam Huguette anazeeka. Ananiachia kila kitu: funguo, lango la maji, hata kitabu cha wageni. Wiki hii ameniuliza kama ningependa kupumzika nyumbani kwa muda, Tanzania, mwezi mmoja au miwili, mpaka hali itulie. Nikamuuliza hali gani. Akatazama bwawa. Nikamwambia Madam, mimi sina historia ya kupumzika.

Kuna mama mmoja wa Kikongo, Immaculée, anawasalimu. Anashuka kutoka Berea kila Jumamosi na taxi mbili, kichwani ndoo ya beignet, maandazi ya kwao, anauzia wageni bustanini. Ana mdomo huyo! Jana kaniambia nikifa mdomo wangu utahitaji jeneza la peke yake.

Nimekula. Nimekula mpaka nimechoka kula.

Mjomba wako asiyepumzika,
Anselmo Gama

*

Queensburgh
14 Septemba 2025

Sesilia,

Leo fupi. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto ili nao ujifunze. Mtu mwenye mikono miwili kwa nini atumie mmoja.

Wale watu wa njia wamerudi jana. Ishirini. Hapana, hamsini. Nikatoka nje nikasimama kwenye daraja la mfereji, nikawatajia ukoo. Gama! Nikawapa sifa za ukoo zote, kuanzia wa kwanza mpaka mimi. Sesilia, walipiga magoti. Mtu mzima mmoja alilia machozi, akasema, "Baba, tulikuwa tumekukosea." Wakanisaidia kubeba magunia, wakaondoka kwa amani.

Chatu ndiye aliyeniumiza. Si kwa ubaya, alikuwa na furaha. Sasa anazunguka kinu chote mara mbili, kichwa na mkia vinakutana kwenye gurudumu. Alinishika mkono kunipongeza, akabana kidogo. Madam amenifunga vizuri. Usimwambie mama yako habari ya mkono. Mwambie habari ya magoti.

Mimi mzima.

Anselmo

*

Berea, Durban
15 Septemba 2025

Mwalimu Sesilia,

Jambo yako. Hunijue. Miye njo Immaculée, mwanamuke wa beignet. Dulla ananiambia iko na barua ya muzee Anselmo mu mufuko, miye nikamuomba na yangu atie. Muzee hajue. Akijua atanifukuza na ile ndoo yangu.

Yeye anasema uongo, mais uongo yake haina mubaya, ni kama sukari, anatia mu kila kitu. Lakini hii ya sasa haifai kutiwa sukari. Donc nakuambia.

Hakuna nyoka wa kumubana, vile anaambia kila mutu. Iko vidole viwili vimevunjika, mukono wa kuume. Ni jiwe, walimutupia.

Samedi, ile Jumamosi, saa ine ya asubuhi, wageni walikuwa bustanini na watoto, kinu kinazunguka, mabibi wanne wamekaa mu bench wanangoja unga yao. Wale watu wakaingia, labda kumi na tano. Walikuwa wamekuja mara ya kwanza mu mwezi wa nane, wakamuachia karatasi kwamba atoke. Ile karatasi alifunika nayo sufuria ya maharagi. Sasa mukubwa wao akasema, wewe mugeni, funga hii kitu, toka leo.

Anselmo akasema, miye si mugeni, miye ni Gama. Ule mukubwa akacheka, akasema haya, wewe Gama, taja sifa za ukoo. Anselmo akataja moja. Akataja ya pili. Halafu akasimama hivi, mudomo wazi, kama mutoto amesahau sala. Wote wakacheka, na miye vraiment nilitaka kulia.

Kisha njo akafanya ile jambo. Akashika debe ya mahindi, akamimina mu sanduku ya juu ya jiwe. Akasema na ile Kizulu yake ya kubomoka: "Siwezi kutoka. Mahindi bado yamo jiweni. Hii kinu ni ya zamani, ikianza kusaga haisimami mpaka mahindi iishe. Mawe yakibaki tupu yanagusana, moto unatoka, nyumba inaungua na sisi wote ndani. Ngojeni nimalize." Wakaangaliana. Mukubwa akasema, haya, maliza.

Sesilia, ile kinu inasimama! Unafunga lango ya maji tu, dakika moja. Miye najua, Madam anajua, mabibi wote wanajua. Hakuna aliyesema. Na bibi wa kwanza akainuka pole pole, akamimina gunia yake. Ilipokaribia kuisha, bibi wa pili akamimina yake. Wa tatu. Wa ine akasema na ule mukubwa, wewe kijana mwenye filimbi, nishikie gunia, mugongo inaniuma. Na akamushikia! Wamesimama masaa sita, jua juu ya kichwa. Nikawauzia beignet. Saa kumi njo walichoka, mukubwa akasema, tunakupa mpaka samedi ya mwisho ya Oktoba, siku ile hata moto itoke. Wakienda, mumoja wa nyuma akatupa jiwe.

Aliendelea kusaga na mukono ile mpaka gunia ya mwisho ikaisha. Nilimuambia twende hospitali, akasema bibi wa ine bado hajapata unga.

Mwambie arudie nyumbani. Ao mwambie akae. Miye sijue. Miye mwenyewe nimekimbia Uvira, najua kukimbia kunaishaka wapi: haiishi. Lakini wewe ni wa damu yake, quand même umwambie kitu.

Immaculée

*

Matogoro, Songea
12 Oktoba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mama, nimeiandika kama alivyosema:

"Anselmo. Rudi. Chumba chako kipo, nimekifagia. Wewe ni mdogo wangu wa mwisho na sina mwingine. Nchi ya babu ni pale alipozikwa mama yako, na mama yako amezikwa hapa, nyuma ya jiko letu. Kinu hata kwetu kipo. Rudi kabla ya Novemba. Nimemaliza. Scola."

Sasa sehemu ya pili ni yangu, yeye hajui ipo.

Mjomba, mimi namsomea mama barua zako kwa uongo. Ulipoandika chatu ana urefu wa basi, nilimsomea mama "urefu wa baiskeli". Ulipoandika amezunguka kinu mara mbili, nilisoma "amelala kando ya kinu". Nimekuwa nikimpunguza nyoka wako miezi yote hii, kwa sababu nimeshajua jinsi ya kukusoma. Mwaka ule ulioandika umepigana na mamba ukamvunja taya, baadaye Dulla alituambia ulilazwa wiki tatu kwa mapafu. Mwaka uliokamata majambazi saba kwa mkono mmoja, ulikuwa umefukuzwa kazi ghalani. Mnyama wako akikua, mambo yako yameharibika. Juni alikuwa mlango, nikalala usingizi. Agosti amekuwa basi, sikulala. Septemba amezunguka nyumba, na mwandiko ni wa mtoto wa chekechea.

Najua habari ya vidole. Usiulize nimejuaje, na usimfukuze na ndoo yake. Mama hajui. Yeye anakuita kwa sababu ya ile redio, maana jirani amemwambia.

Sikwambii urudi, wala sikwambii ukae. Nataka kitu kimoja. Wewe si mtu wa bustani. Ukiwa hapa ulikuwa unachoma moto kila jani. Mama anasimulia ulivyokuwa unalinda mtama, ukiua ndege minana kwa manati mpaka watu wa vijiji vingine wanakuazima. Vibarua vimejaa Durban, na huku kwetu chumba kimefagiwa. Sasa kwa nini mtu kama wewe anavunjwa vidole kwa ajili ya magugu na bwawa la watu wengine? Niambie bila nyoka.

Ukinijibu kwa nyoka, nitamsomea mama barua ya Immaculée, neno kwa neno.

Mpwa wako anayekupenda, na ambaye hatanii,
Sesilia

*

Queensburgh
23 Novemba 2025

Sesilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mkono wa kulia umepona kiasi, kidole cha kati kimepinda kidogo, sasa kinaelekeza Pinetown. Nikipotea nakitazama.

Umenibana kuliko chatu. Haya. Sikiliza, na hii umsomee mama yako bila kupunguza wala kuongeza.

Mwaka nilipoanza hapa, Madam Huguette alikwenda kwa dada yake wiki mbili. Akaniachia kinu na bustani. Mimi nikatazama ile bustani nikamhurumia: mama mzee, mjane, majani mpaka mlangoni, magogo yameoza, na juu ya bwawa matete yamejaa viota vya minana, wale wa njano, kelele kutwa nzima. Na wezi! Mahindi yakimwagika uani wanashuka kama mvua. Kinu cha nafaka kimezungukwa na wezi wa nafaka, na mwenyewe anacheka nao. Nikasema huyu hana mtu wa kumsaidia. Nitamshangaza.

Nilifyeka siku nne. Matete yote. Viota nilivihesabu, arobaini na kimoja, nikaviangusha kwa mti mrefu, vingine vikiwa na makinda, nikavichoma pamoja na magogo. Halafu nikafagia, mstari kwa mstari, kama mama alivyotufundisha. Uwanja uling'aa, Sesilia. Dada Scola angelia kwa furaha. Nikavaa shati jeupe, nikasimama getini nikingoja kusifiwa.

Madam alishuka kwenye gari, akasimama. Nikasema, "Clean, Madam." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliingia ndani akatoka na kiti cha jikoni, akakiweka kando ya bwawa, akakaa akitazama maji matupu mpaka giza likaingia. Asubuhi yake akaniambia kwa upole kwamba mume wake alianza kupanda matete hayo mwaka walipooana. Nikafungasha vitu vyangu. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema si unanifukuza. Akasema, "Ukiondoka, nani atayarudisha?"

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita. Nimeyarudisha. Si maneno, nimeingia matopeni mpaka kifuani kupanda tete moja moja. Magogo nimeyabeba mgongoni kutoka ng'ambo ya mto. Vyura walirudi mwaka wa kwanza, hao hawana kinyongo. Kenge mwaka wa tatu, vinyonga wa tano. Kila wageni wanapokuja nawaonyesha hiki na kile, wanapiga makofi, na mimi najua ninachowapitishia kando: matete mazuri kabisa, na juu yake kimya. Minana hawakurudi. Nilikuwa nawaona kwa jirani kule juu, wamejaa kwenye mnazi wake, wananitazama. Miaka minane.

Tarehe tisa Oktoba, asubuhi, nikifungua lango la maji, nikasikia kelele. Dume mmoja. Amekaa kwenye tete nililopanda mimi, ananing'inia kichwa chini, anasuka duara la kwanza kwa ukoka. Nikakaa chini pale pale kwenye tope. Sina haja ya kukwambia uso ulilowa kwa nini, siku ile mvua ilikuwa inanyesha vilevile.

Barua yako ikanifikia Oktoba hiyohiyo, na "rudi kabla ya Novemba". Nikamtazama yule dume. Kiota kimekamilika, jike amekuja, akakikagua, akakivuta vuta, akaondoka. Hakukipenda. Dume hakubishana. Alikifumua chote, akaanza upya kwenye tete hilohilo, siku hiyohiyo. Ningeondokaje, Sesilia? Nimwambie nini, kwamba kuna watu wamevaa fulana?

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Madam alitaka nifunge geti, akitaka hata kunificha juu darini, penye magunia. Nikamwambia hapana, leo ni siku ya bustani, fungua. Immaculée alikuja na ndoo mbili badala ya moja, akasema, "Wakikuua nitauza zaidi." Mabibi walikuja tisa. Hakuna aliyewaita. Nilifungua maji mapema, nikasimama kwenye daraja. Na nikaamua jambo moja: ukoo sitaji. Nimechoka kumtafuta babu ili anisemee. Babu aliondoka hapa zamani, mimi nimekuja juzi, na haya matete nimepanda mimi. Wakiniuliza mimi ni nani, nitasema mimi ndiye ninayefungua maji. Inatosha.

Walikuja. Si hamsini. Walikuja sita, yule mkubwa mwenye filimbi mbele. Filimbi ilikuwa shingoni, lakini mgongoni alikuwa na gunia la mahindi. Bibi yake alikuwa mmoja wa wale wanne wa Septemba, nami sikujua mpaka siku hiyo; sasa anaumwa miguu, na amekataa kula unga wa dukani. Amemwambia: peleka kwa yule mtu wa kinu, na usirudi bila unga wangu.

Watano wakabaki getini. Yeye akaja mpaka mlangoni. Hakunisalimia. Na mimi sikumsalimia. Akaweka gunia chini, akasema kwa Kizulu, taratibu kama anamsemesha mtoto, kwamba mwezi ujao nitakuwa bado mgeni, na watarudi. Nikamwambia sawa, siku hiyo mlete gunia, foleni inaanzia pale kwa mabibi. Akawatazama mabibi. Wote tisa walikuwa wanamtazama. Akaenda mwisho wa foleni akakaa.

Alingoja kwa saa tatu, bustanini, kwenye bench ya bwawa. Hakuwa na la kufanya, akawa anatazama minana. Wakati huo walikuwa madume wanne. Nilimsagia laini, maana sisagi vibaya hata kwa adui. Alichukua gunia akaondoka, wenzake wakamfuata. Watarudi? Labda. Ile filimbi hakuitupa. Lakini na mimi fyekeo langu sikulitupa, nimeligeuza kazi, sasa nalitumia kukatia njia tu, ili wageni wapite.

Umwambie Dada Scola hivi: asante kwa chumba. Aendelee kukifagia, nitakuja kulala humo Desemba ya mwaka ujao, nikiwa nimealikwa na sio nimeitwa. Kwa mama nyuma ya jiko nitakuja kupiga magoti mimi mwenyewe. Lakini kurudi, sirudi. Akitaka kunipiga, aje na huo ufagio, nitamtembeza bustani nzima nao mkononi, na hatapata pa kuufagilia.

Majike wawili wameshakubali. Leo asubuhi viota ni sita. Bado thelathini na vitano.

Na kuhusu chatu. Ulisema bila nyoka, lakini nyoka kweli yupo, ndiyo maana gogo nawaonyesha wageni. Ana unene wa kidole changu hiki kilichopinda na urefu wa kalamu hii. Hana sumu, anakula konokono. Ukiweka kiganja anapanda. Nimemkuta hapo miaka mitano sasa, chini ya gogo lilelile, na watu wanapita juu yake kila Jumamosi na viatu vyao.

Hajaondoka.

Mjomba wako,
Anselmo Gama